Wanataka kubadilisha kituo cha majeraha madogo mjini kwetu (Uingereza). Maoni yetu yana kazi au wameshaamua?

Mnyamwezi Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, hasa mlioko huku kwa Mfalme Charles.

Nakaa mji mdogo ambao sitautaja, maana Wabongo tuko familia nne tu na mtanijua. Tuna hospitali ndogo. Wazee wa hapa wanasema zamani ilikuwa na wodi na watoto walizaliwa humo. Siku hizi zimebaki kliniki za mchana, mazoezi ya viungo na kituo cha majeraha madogo, wenyewe wanakiita MIU. Hospitali kubwa yenye A&E (idara ya ajali na dharura) iko maili 18.

Mwaka jana dogo wangu, miaka 9, alidondoka kwenye trampolini ya jirani akaangukia mkono. Ilikuwa saa 12 jioni. Mama yake yuko kazini kulea wazee, mimi najiandaa kwenda ghalani zamu ya usiku, gari hatuna. Nikambeba, dakika 15 kwa miguu. Nesi akamkagua, akatuandikia eksirei, picha ikapigwa chumba cha pili, kumbe kuna ufa juu kidogo ya kifundo. Akafungwa POP (plasta ngumu) na kupewa tarehe ya kliniki ya mifupa. Saa 2 kasoro robo tuko nyumbani, jirani akaja kukaa naye, nikawahi zamu. Hakuna aliyeniuliza bima wala hela.

Sasa Jumamosi kimedumbukizwa kijitabu mlangoni: "Tuambie maoni yako." Wanasema wataalamu hawatoshi na jengo limechakaa. Machaguo ni mawili.

La kwanza, kituo kibaki ila kwa saa chache. Sasa hivi kinafunguliwa saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku kila siku. Kitakuwa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na lazima upige 111 (simu ya ushauri wa afya) kwanza upangiwe muda.

La pili, kifungwe kabisa, huduma ihamie hospitali kubwa kwenye "kituo cha matibabu ya haraka" kitakachokuwa pembeni ya A&E.

Chaguo la kubaki kama kilivyo halipo. Tumepewa wiki sita.

Swali langu: nijaze hili dodoso au napoteza muda? Na kama ni kujaza, niandike nini zaidi ya "msifunge"?

---

Chapati Tatu

Wameshaamua mkuu. Dodoso ni la kukuliwaza. Kula chipsi zako.

---

Mkenya Asiyelala

Hahaa, karibu kwa kushirikisha umma, ndugu. Kwetu Katiba ya 2010 iliweka ushiriki wa wananchi kwenye Kifungu cha 10, na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo tangazo linatoka gazetini kwa maandishi ya kutafuta na kurunzi, mnaitwa kwenye ukumbi siku ya kazi saa nne asubuhi, mnapewa soda na mkate, mnatia sahihi karatasi ya mahudhurio. Kesho yake karatasi ya mahudhurio imegeuka "wananchi wameunga mkono". Huko kwenu soda ipo?

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Kijitabu kimeandikwa "chai na biskuti zitakuwepo".

---

Mkenya Asiyelala

Basi ni mambo yale yale.

---

Nesi wa Zamu

Nimeingia kwa sababu hii ndiyo kazi yangu. Ni nesi, mwaka wa 11 huku, na miaka mitano ya mwisho niko kwenye kituo cha aina hiyo hiyo, mkoa mwingine. Naomba mnivumilie, itakuwa ndefu.

Kwanza tujue kituo kinafanya nini. Wengi tulio humo ni manesi waliosomea zaidi, tunaruhusiwa kukagua, kuagiza eksirei, kushona, kufunga POP, kuandika baadhi ya dawa na kukuruhusu uende nyumbani bila daktari kukuona. Kuteguka, kuvunjika vidole na mikono, kukatwa na kisu, kuungua kidogo, kung'atwa na mbwa, kokoto kwenye jicho, shanga puani mwa mtoto (hii ya shanga, Jumapili haipiti bila moja). Maumivu ya kifua, kiharusi, kushindwa kupumua, aliyegonga kichwa akapoteza fahamu, hao si wetu. Lakini wanakuja. Mtu anaona neno "hospitali" barabarani anaegesha gari na baba yake mdomo umepinda. Hapo naacha wote nliokuwa nao, napiga 999, namba ya dharura, kama wewe ungepiga nyumbani, na dakika zimeshapotea. Kwa hiyo anayekwambia kituo kidogo kikibaki kinaokoa maisha, mwulize ya nani. Kazi yetu ni kukuokolea siku yako na mkono wako.

Pili, kwa nini wanataka kubadilisha. Mwaka 2017 NHS (huduma ya afya ya umma) ya England ilisema majina yamekuwa mengi mno, watu hawajui kipi kinatibu nini: vituo vya kuingia bila miadi, vituo vya majeraha madogo, vituo vya huduma ya haraka. Wakataka vinavyofaa vigeuzwe kuwa kitu kimoja, kituo cha matibabu ya haraka, UTC. Kiongozwe na GP (daktari wa kawaida wa mtaani), kiwe wazi angalau saa 12 kwa siku, siku zote, upangiwe muda kupitia 111 lakini pia uweze kujiendea. Lengo lilikuwa ifikapo Desemba 2019. Vituo vingi vidogo havikufikia vigezo, hasa kwa sababu ya daktari na eksirei. Vikabaki vinaning'inia, na kila baada ya muda bodi ya afya ya eneo inaleta kijitabu kama hicho chako.

Tatu, hili halimo kwenye kijitabu chochote nilichowahi kuona: eksirei ndiyo inayoamua kila kitu. Mlango unaweza kuwa wazi mpaka saa 4 usiku, lakini kama mtaalamu wa mionzi anaondoka saa 11, kuanzia hapo mimi nakufunga bandeji na kukuambia urudi kesho. Kituo kisicho na eksirei jioni kiko wazi nusu. Mkuu, dogo alipigwa picha jioni, ina maana kwenu eksirei inafanya kazi mpaka usiku. Hiyo ni mali. Kama kuna kitu cha kupigania, anzia hapo.

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Dada asante sana. Ila sijakuelewa, unaunga mkono wafunge?

---

Nesi wa Zamu

Hapana kaka. Nasema usiende vitani ukitetea kitu kisichokuwepo. Ukiandika "watu watakufa", anayesoma ni meneja mwenye jibu tayari: wa kufa hawatakiwi kuja hapa. Umemalizwa kwa sentensi moja. Ukiandika mtoto alianguka saa 12 jioni, na chaguo lenu la kwanza linafunga saa 11, hapo lazima akune kichwa. Watoto huvunjika baada ya shule na wikendi. Wachezaji wa mpira wa mtaani wanateguka Jumapili. Fundi anajikata siku aliyo nyumbani anatengeneza uzio. Saa 3 mpaka 11, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa za meneja, si saa za majeraha.

---

Chapati Tatu

"Saa za meneja" 😂 hiyo naiba.

---

Mzee wa Vifungu

Salaam. Mimi nilisomea sheria Dar, huku naendesha basi, lakini tabia ya kusoma hukumu haijaniacha.

Kwanza mjue bodi inayoleta hayo mabadiliko (siku hizi ni ICB, zilianza Julai 2022 badala ya bodi za zamani, CCG) haifanyi hisani kuwauliza. Sheria ya NHS ya 2006, kifungu cha 14Z45, inailazimu iwashirikishe wanaotumia huduma kwenye mipango ya mabadiliko. Ila kushirikisha si kupiga kura. Hata watu wote wa mji wakisema hapana, wanaweza kisheria kuendelea. Wanachotakiwa ni kuuliza kwa haki.

Haki hiyo inapimwaje? Kuna kesi ya mwaka 1985, Gunning dhidi ya halmashauri ya Brent, London. Ilihusu shule, lakini kanuni zake nne zimekuwa kipimo cha kila mchakato wa maoni nchi hii. Waulize wakati uamuzi bado mbichi. Watoe sababu na taarifa za kutosha ili mtu ajibu kwa akili. Watoe muda wa kutosha. Na majibu wayazingatie kwa dhati kabla ya kuamua.

Sasa tazama kijitabu chako. Machaguo mawili, la kubaki halipo, wala hawajaeleza kwa nini halipo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Moseley dhidi ya halmashauri ya Haringey. Ilihusu punguzo la kodi ya halmashauri kwa maskini. Mahakama ikasema mchakato ule haukuwa wa haki kwa sababu wananchi waliaminishwa hakuna njia nyingine, wakati njia nyingine zilikuwepo na halmashauri ilizikataa bila kuwaambia. Sisemi kesi yenu ni ile ile, na mahakama haisemi kila mara lazima njia zote zitajwe. Nasema swali la "mlifikiria nini kingine, na mlikikataa kwa nini?" lina meno. Liulize kwa maandishi.

Na wanaodai wananchi hawajawahi kushinda, nendeni Lewisham. Mwaka 2013 Waziri wa Afya Jeremy Hunt aliamua A&E ya Lewisham ipunguzwe ili kusaidia kuziba deni la shirika la hospitali jirani ambalo Lewisham haikuwa hata sehemu yake. Watu waliandamana kwa maelfu, lakini kilichomkwamisha ni mahakama: 31 Julai 2013 ikasema amevuka mamlaka yake, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikamkatalia. Hospitali bado ipo.

---

Chapati Tatu

Mzee umesahau mwisho wa hadithi. Baada ya kushindwa serikali ilibadilisha sheria mwaka 2014 ili safari ijayo waziri awe na mamlaka hayo. Unamshinda refa, anabadilisha kanuni za mpira.

---

Mzee wa Vifungu

Kweli kabisa, na sikukificha kwa makusudi, nilikuwa natafuta pa kushusha abiria. Lakini Lewisham haikufungwa.

Na kama hutaki mahakama kuna sanduku la kura. Kidderminster, mwaka 2000, A&E yao iliondolewa, ikabaki hiyo hiyo MIU tunayoijadili. Daktari mstaafu wa hospitali ile, Richard Taylor, akagombea ubunge mwaka 2001 bila chama kikubwa, ajenda yake ni hospitali tu. Alimpiga mbunge wa Labour aliyekuwa madarakani kwa tofauti ya kura 17,630. Akarudi tena 2005.

---

Chapati Tatu

A&E ilirudi?

---

Mzee wa Vifungu

Haikurudi.

---

Chapati Tatu

Nashukuru mheshimiwa. Sina swali la nyongeza.

---

Mwana wa Unguja

Jamani miye nauliza la kijinga, mnisamehe. Sina karatasi zilokamilika, kesi yangu ya ukaazi iko kwa wakili. Hilo dodoso naweza kulijaza, au ndo najipeleka mwenyewe? Na hivo vituo vidogo vikihamia hospitali kubwa, si tutaanza kudaiwa hela?

---

Nesi wa Zamu

Si la kijinga hata kidogo mdogo wangu. Dodoso haliulizi uraia. Mara nyingi ukurasa wa mwisho una maswali ya umri, kabila na ulemavu, na kila moja lina kisanduku cha "sipendi kusema". Jina si lazima, kwa kawaida wanataka mwanzo wa msimbo wa posta tu.

Kuhusu hela: huduma ya dharura haitozwi mtu yeyote, awe na karatasi au hana. Hiyo inajumuisha A&E, vituo vya majeraha madogo na hivyo vya matibabu ya haraka. Kinachoweza kutozwa ni pale unapolazwa wodini au kupangiwa kliniki baadaye, kama huna haki ya matibabu ya bure, ndiyo maana hilo umwulize wakili wako mapema. Wengi walioingia kwa viza za muda mrefu wanalipia ile ada ya afya wakati wa maombi, sasa pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, tangu Februari 2024, hao wameshamaliza. Na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti wala uthibitisho wa makazi. Mapokezi wakikuambia unahitaji, waombe kwa upole wasome mwongozo wao wenyewe.

---

Mwana wa Unguja

Mungu akulipe dada.

---

Bi Mkubwa wa Leicester

Wanangu, mimi nipo nchi hii tangu mngali wadogo. Nimejaza madodoso mpaka mkono ukafa ganzi. Niwaambie nilichokiona.

Ombi lenye sahihi nyingi linahesabiwa kama kitu kimoja: "ombi limepokelewa". Barua hamsini za watu hamsini, kila mmoja na kisa chake, zinahesabiwa hamsini. Barua za kunakili, zote maneno yaleyale, zinafungwa fungu moja. Kwa hiyo msitumiane barua moja kwa WhatsApp. Kila mtu aandike lake, hata mistari mitano, hata Kiingereza kimepinda. Na anayeshindwa kabisa aombe mkalimani au kijitabu kwa Kiswahili, ni haki yake kuomba. Wakisema hawana, hilo nalo liandikwe.

Halafu hii ya kupiga 111 kwanza. Mama zetu wanaiogopa simu. Kuna wakalimani, ukipiga unataja lugha yako kwa Kiingereza wanakuunganisha, mimi mwenyewe nimeshafanyiwa. Lakini nani amewaambia akina mama? Na mtoto analia, unasubiri mkalimani, wakati kituo unakiona dirishani. Mwulizeni bodi: anayejiendea mlangoni bila kupiga simu atarudishwa? Wakisema "hatarudishwa", waandike hivyo kwenye karatasi. Ya mdomoni mimi nimeyachoka.

---

Mpiga Kasia wa Mtera

Mimi niko nyumbani, si Ulaya. Nasoma huu uzi nacheka na kulia. Mnalilia eksirei ya saa 2 usiku! Huku kwetu zahanati haina eksirei mchana, unaanza zahanati, unaenda kituo cha afya, unafika hospitali ya wilaya, na mkono ushavimba kama boga.

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Mkuu najua, nimekulia huko. Sijasahau.

---

Mpiga Kasia wa Mtera

Sikulaumu ndugu yangu, nachokoza tu. Ila niulize kwa dhati, maana mimi ni mjumbe kwenye kamati ya zahanati ya kijiji na hili ndilo tunalopigana nalo kila kikao. Usiku huo wakihamishia maili 18, mtoto anapelekwa na nini? Huku mama mjamzito akikwama tunapiga 115, mfumo wa m-mama unatafuta gari, hata la dereva wa kawaida, na dereva analipwa. Lakini mkono uliovunjika ni bodaboda. Huko bodaboda hamna. Basi la mwisho saa ngapi?

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Mkuu umenigusa penyewe. Nimeangalia ratiba sasa hivi. Basi la kwenda hospitali kubwa la mwisho linaondoka hapa saa 12 na dakika 40 jioni. La kurudi la mwisho linaondoka kule saa 1 na robo. Yaani ukienda na la mwisho huna la kurudia. Jumapili hakuna kabisa.

---

Mzee wa Vifungu

Hilo ndilo jibu lako la dodoso. Mimi dereva nakuambia, wanaopanga hospitali na wanaopanga mabasi hawajuani hata kwa sura. Taksi maili 18 kwenda na kurudi usiku, wewe wa ghalani, ni mshahara wa zamu nzima umekwenda au karibu.

---

Nesi wa Zamu

Naongezea mbili. Gari la wagonjwa halitatumwa kwa mkono kama wa dogo, watakuambia tafuta usafiri wako, na kwa haki kabisa, magari hayatoshi wenye kiharusi. Na ule mpango wa NHS wa kurudishia nauli wenye kipato kidogo unataka uwe umepewa rufaa na daktari. Ukijipeleka mwenyewe na dharura hauko kwenye mpango. Kwa hiyo wakisema kikaoni "kuna msaada wa nauli", uliza hapo hapo: kwa anayejiendea pia?

Na jambo la takwimu. Lengo la kitaifa ni asilimia 95 ya wagonjwa wa dharura wamalizwe ndani ya saa 4. Halijafikiwa kitaifa tangu Julai 2015. Namba mnayosikia kwenye taarifa ya habari inachanganya A&E kubwa na vituo vidogo kama changu, ambako karibu kila mtu anamalizwa kwa wakati. Sisi ndio tunaipamba. Wakikuambia hospitali kubwa ina uwezo wa kuwapokea, omba namba ya A&E peke yake, bila vituo vidogo ndani yake.

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Wakuu nimerudi. Kikao kilikuwa Alhamisi ukumbi wa kanisa. Watu kama sitini, wengi wazee, mweusi mimi na mama mmoja wa Kizimbabwe mlezi wa wazee. Chai ilikuwepo, biskuti ziliisha mapema.

Meneja alionyesha picha ukutani dakika 40. Kisha maswali. Mzee mmoja alifoka kuhusu wodi iliyofungwa nadhani kabla mimi sijazaliwa, akapigiwa makofi, dakika kumi zikaenda. Nikanyoosha mkono, sauti inatetemeka kweli, maana Kiingereza changu ni cha ghalani: "box, pallet, break". Nikauliza: wangapi wanakuja baada ya saa 11 jioni, na wangapi Jumamosi na Jumapili? (Nilikosea nikasema "eleven", wakanitazama, nikajirekebisha "five". Miaka sita huku, bado saa inanisumbua.)

Ukumbi ukanyamaza. Meneja akasema swali zuri, takwimu anazo za mwaka mzima lakini hajazigawa kwa saa. Nikamuuliza, sasa mlichaguaje hizo saa? Akasema kwa kuangalia zamu za wafanyakazi. Mama wa Kizimbabwe akacheka kwa sauti.

Kitu kimoja lazima niwe mkweli. Kuna nesi wa pale pale, yule yule aliyemfunga dogo POP, alisimama. Akasema miezi ya karibuni wameshafunga mapema mara kadhaa bila kutangaza kwa sababu yuko peke yake, na usiku mwingine anaogopa. Hapo nikapata kigugumizi. Nilikuja kutetea kituo, kumbe kituo chenyewe kinasimama juu ya mabega ya huyu mama.

Rasimu yangu hii hapa, nitaitafsiri na binti wa jirani:

"Mtoto wangu alivunjika mkono saa 12 jioni. Chaguo la kwanza lingekuta mlango umefungwa. Chaguo la pili lingenitaka nifike maili 18 bila gari, na basi la mwisho la kurudi linaondoka kabla hajamaliza kuhudumiwa. Watu watateseka na wengine watakufa. Naomba takwimu za wagonjwa kwa kila saa na kila siku ya wiki, ikiwemo saa ambazo eksirei inafanya kazi. Naomba mseme ni njia gani nyingine mlizifikiria, kwa mfano kufunga asubuhi na kufungua mchana mpaka usiku na wikendi, na kwa nini mlizikataa. Naomba mseme kama anayefika bila kupiga 111 atahudumiwa. Na nesi asiwekwe peke yake."

---

Nesi wa Zamu

Kaka, toa "watu watateseka na wengine watakufa". Nilikuambia. Mengine yote acha. Hilo la kufungua mchana mpaka usiku ni zuri kuliko yaliyomo kwenye kijitabu, na linamwezesha yule nesi kupata mwenzake kwa saa hizo hizo za mishahara. Sentensi ya mwisho ipeleke juu.

---

Mzee wa Vifungu

Takwimu usizisubirie kwenye dodoso. Ziombe kando kwa Sheria ya Uhuru wa Taarifa ya 2000, barua pepe tu, bure. Wana siku 20 za kazi kujibu. Ukituma leo jibu linaweza kukuta dirisha la maoni bado liko wazi. Nakala mpelekee diwani wenu aliye kwenye kamati ya halmashauri ya kukagua afya. Zamani kamati ile ilikuwa na nguvu ya kupeleka jambo rasmi kwa waziri, nguvu hiyo iliondolewa mwishoni mwa Januari 2024. Sasa mtu yeyote anaweza kumwandikia waziri aingilie, ila hilo ni la mwisho, ukishagonga milango yote ya chini.

---

Mpiga Kasia wa Mtera

Na mimi naiba hilo swali la kugawa wagonjwa kwa saa. Kikao chetu ni Jumatano.

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Mrejesho. Dodoso nimetuma. Bi Mkubwa, wa ghalani saba wameandika, kila mtu lake, Mpoland mmoja kaandika kurasa tatu.

Jibu la takwimu limekuja leo, siku ya 19. Wanasema taarifa kwa kila saa wanayo, ila "itaambatanishwa kwenye ripoti ya mwisho itakayowasilishwa kwenye bodi". Dirisha la maoni linafungwa Ijumaa.

---

Mzee wa Vifungu

Ripoti ya mwisho inakwenda bodi siku ya kuamua. Taarifa ya kukuwezesha kujibu inakuja ukiwa umeshanyimwa pa kujibia. Waandikie tena leo, kwa adabu, uombe mapitio ya jibu hilo na uombe dirisha liongezwe. Itaje kanuni ya pili ya Gunning kwa jina.

---

Nesi wa Zamu

Na uulize eksirei inaishia saa ngapi. Wameliruka tena.

---

Mnyamwezi Ughaibuni

Naandika sasa hivi, naingia zamu saa 4. Mzee, Gunning ni "n" mbili?

---

Mzee wa Vifungu

Mbili katikati, moja mwisho.